Sauti ya Kujitolea na Picha ya Kuazima: Historia ya Uigizaji wa Sauti katika Katuni ya Red vs. Blue, 2003–2025

Ikisiri

Makala hii inachunguza nafasi ya sauti za kujitolea katika historia ya Red vs. Blue, katuni mfululizo ya vichekesho iliyoanza kutolewa kwenye intaneti mwaka 2003 na kundi la marafiki wa Texas, Marekani. Hoja kuu ni kwamba sauti hizo hazikuwa njia ya kukwepa gharama tu. Ndizo zilizoamua umbo la kazi: ufupi wa sehemu zake, uchache wa wahusika, aina ya ucheshi na hata mwenendo wa hadithi. Kwa kutumia dhana tatu za sadaka, ujima na ajira, makala inaonyesha jinsi sauti iliyotolewa kwa misingi ya urafiki ilivyogeuka kuwa mali ya kampuni, na jinsi mageuzi hayo yalivyoibua maswali kuhusu malipo, umiliki na uhifadhi. Inahitimishwa kwamba mwanahistoria wa sanaa za kidijitali hana budi kuuliza si nani aliyetengeneza picha tu, bali pia nani aliyetoa sauti na kwa makubaliano gani.

Maneno makuu: uigizaji wa sauti, kujitolea, katuni, mashinima, podikasti, ujima

1.0 Utangulizi

Tarehe 1 Aprili 2003, kundi dogo la marafiki lilitoa kwenye intaneti sehemu ya kwanza ya katuni iliyoitwa Red vs. Blue. Katika sehemu hiyo, askari wawili waliovaa kofia za chuma zinazofunika uso mzima wamesimama juu ya ngome, katikati ya bonde lisilo na kitu, na mmoja anamuuliza mwenzake kwa nini wapo pale. Mazungumzo yanachukua dakika chache, na vita vinavyotarajiwa na mtazamaji havipiganwi. Wabunifu walikusudia kutengeneza sehemu zisizozidi nane. Hata hivyo, mfululizo wa kwanza, uliojulikana kama The Blood Gulch Chronicles, ulifikisha sehemu 100 kabla ya kufungwa Juni 2007, na hadithi iliendelea kwa misimu mingine hadi filamu ya kuihitimisha ilipotolewa Mei 2024.

Historia ya katuni hiyo kwa kawaida husimuliwa kama historia ya picha. Wasimulizi hueleza jinsi vijana walivyochukua mchezo wa video uitwao Halo, wakaugeuza kuwa jukwaa la maigizo, na hivyo kupata katuni bila kuchora hata mstari mmoja. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayajitoshelezi. Picha za Halo zilikuwa mikononi mwa kila aliyemiliki mchezo huo. Mamilioni ya watu waliliona bonde lile lile, ngome zile zile na askari wale wale, bila hadithi yoyote kuzaliwa. Kilichoongezwa na kundi la Texas ni andiko na sauti. Picha iliazimwa, sauti ilitolewa na watu walioacha mapumziko yao baada ya kazi za mchana, bila mshahara.

Makala hii inajadili sauti hizo. Inajibu maswali matatu: uigizaji wa sauti wa kujitolea ulipangwaje katika miaka ya mwanzo? Uliathiri vipi umbo la kisanaa la katuni? Na ulipatwa na nini pale kazi ya marafiki ilipogeuka kuwa kampuni?

2.0 Dhana Zinazoongoza Uchambuzi

Neno kujitolea linabeba maana nyingi, na wingi huo huficha tofauti muhimu. Kwa ajili ya uchambuzi huu, utoaji wa sauti unagawanywa katika aina tatu.

Aina ya kwanza ni sadaka. Mtoaji wa sadaka hatarajii kurudishiwa, na wala hachagui mpokeaji. Mfano ulio wazi ni LibriVox, mradi ulioanzishwa Agosti 2005 na Hugh McGuire huko Montreal, Kanada. Wasomaji wa LibriVox husoma kwa sauti vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha. Katika usomaji wa tamthilia, kila msomaji hurekodi maneno ya mhusika mmoja akiwa kwake, kisha mratibu huunganisha vipande vyote. Jambo la msingi ni kwamba kila anayejiunga hukubali mapema kuwa rekodi yake itakuwa mali ya umma, na kwamba yeyote anaweza kuitumia, hata kwa biashara. Kwa hiyo, hakuna anayeweza kusema baadaye kuwa hakujua.

Aina ya pili ni ujima. Neno hili halitumiki hapa kwa maana ya hatua ya kihistoria ya uzalishaji, kama linavyotumika katika vitabu vingi vya historia, bali kwa maana ya kawaida ya watu kusaidiana kazi kwa zamu. Leo shamba la huyu, kesho la yule. Katika ujima hakuna mshahara, lakini kuna deni la heshima linalofahamika na wote, na shamba lina mwenyewe anayejulikana.

Aina ya tatu ni ajira, ambamo sauti hununuliwa kwa bei iliyokubaliwa na haki zake huhamia kwa mnunuzi. Hoja ya makala hii ni kwamba Red vs. Blue ilizaliwa katika ujima, ikakulia katika ajira, na hatimaye kumbukumbu zake zikaokolewa na sadaka. Ugumu wa historia yake umo katika kuvuka kutoka hatua moja kwenda nyingine.

3.0 Kabla ya 2003: Kutoka Maandishi hadi Sauti

Utengenezaji wa filamu ndani ya michezo ya video, unaojulikana kwa istilahi ya mashinima, ulitangulia Red vs. Blue kwa miaka kadhaa. Kazi inayotajwa mara nyingi kuwa ya mwanzo ni Diary of a Camper ya mwaka 1996, iliyotengenezwa katika mchezo wa Quake na kundi la wachezaji lililoitwa United Ranger Films. Kazi hiyo haikuwa na sauti za wahusika: maneno yao yalionekana kama maandishi kwenye kioo. Mtazamaji alipaswa kusoma, na kwa kuwa wachezaji walijuana kwa majina na mienendo ya mchezo, mzaha wake ulieleweka zaidi na waliokuwa ndani ya duara hilo.

Mabadiliko yalikuja pale sauti ilipoingia. Mwaka 1998 kundi la Ill Clan la New York lilitoa Apartment Huntin', kichekesho kilichotegemea wahusika wanaobishana kwa sauti zao wenyewe, kwa mtindo wa maigizo ya papo kwa papo. Hadithi haikuhitaji mtazamaji awe mchezaji wa Quake. Mtu yeyote aliyewahi kutafuta nyumba ya kupanga angecheka. Mwaka 2000 Hugh Hancock alianzisha tovuti iliyoeneza jina la mashinima na kuwakutanisha watengenezaji wake. Kwa hiyo, kufikia mwaka 2003 ilikuwa tayari imedhihirika kwamba sauti ndiyo mlango wa kuutoa ucheshi huu katika kundi dogo la wachezaji na kuufikisha kwa umma.

Kanuni hiyo ina mizizi mirefu zaidi katika historia ya utangazaji. The Goon Show, kichekesho cha redio kilichorushwa na BBC kati ya 1951 na 1960 kikiwa na Spike Milligan, Harry Secombe na Peter Sellers, kilijenga ulimwengu mzima kwa sauti chache zilizobadilishwa badilishwa. Miaka michache baadaye, 1963 na 1964, hadithi hizo zilirudi kwenye televisheni kwa jina la The Telegoons, safari hii vikaragosi vikifuata sauti. Mpangilio huo wa sauti kutangulia na kikaragosi kufuata ndio utakaoonekana tena Texas miaka arobaini baadaye. Tofauti ni kwamba waigizaji wa BBC walikuwa wameajiriwa, ilhali wa Texas walikuwa marafiki waliokutana jioni.

4.0 Sauti Kwanza, Picha Baadaye

Kiini cha kundi kilitokana na mahusiano mawili. La kwanza lilikuwa la chuo: Burnie Burns na Matt Hullum walisoma pamoja Chuo Kikuu cha Texas, Austin, na pamoja na mwigizaji Joel Heyman walitengeneza filamu ya kujitegemea, The Schedule, iliyotoka 1997. La pili lilikuwa la kazini na kwenye michezo: Burns, Geoff Ramsey na Gustavo Sorola walifahamiana katika kazi ya kuwasaidia wateja wa huduma za kompyuta, na Ramsey na Sorola waliendesha tovuti ya kuhakiki michezo ya video kwa mzaha. Burns alianza kwa kuiwekea tovuti hiyo video za Halo zenye maelezo yake ya sauti. Kutokana na video hizo wazo la hadithi kamili likazaliwa, na nyumba ya Burns ikawa studio.

Mgawanyo wa sauti ulifuata mahusiano hayo. Burns alikuwa Church, kiongozi asiye na subira wa upande wa bluu. Heyman alikuwa Caboose, askari mpya mwenye fikra za kitoto. Jason Saldaña alikuwa Tucker. Upande wa wekundu, Hullum alikuwa Sarge, Sorola alikuwa Simmons, Ramsey alikuwa Grif na Dan Godwin alikuwa Donut. Kathleen Zuelch alikuwa Tex, askari wa kukodiwa anayeogopwa na wote. Hakukuwa na usaili wala wakala. Mhusika alitungwa kwa kumfikiria rafiki atakayemtamka, na mara nyingine rafiki mmoja alibeba zaidi ya mhusika mmoja.

Hatua za kazi zilikuwa kama ifuatavyo. Kwanza andiko liliandikwa. Pili, sauti zilirekodiwa na kuhaririwa hadi mwendo wa mazungumzo ukamilike. Hapo tu ndipo mashine za Xbox zilipowashwa. Wachezaji kadhaa waliingia katika uwanja mmoja wa Halo, kila mmoja akiongoza askari mmoja, huku sauti iliyorekodiwa ikichezwa. Askari aliyetakiwa kuonekana anazungumza alitikiswa kichwa kwa kidhibiti ili mtazamaji amtambue. Mchezaji mwingine alikuwa ndiye kamera: alichokiona yeye ndicho kilichonaswa, na alama za mchezo zilizokuwa pembezoni mwa kioo zikafichwa kwa mikanda myeusi juu na chini.

Mpango huo uliwezekana kwa sababu ya hali mbili za mchezo wenyewe. Kwanza, kofia za askari wa Halo hufunika uso, hivyo hapakuwa na midomo ya kulinganisha na maneno. Pili, kulikuwa na dosari ndogo katika toleo la kwanza la Halo. Askari aliyeshika bastola akielekezwa kutazama chini, wachezaji wengine walimwona ameshusha silaha huku kichwa kikitazama mbele. Bila dosari hiyo, kila mazungumzo yangeonekana kama watu wawili wanaolengana bunduki. Katika Halo 2 ya mwaka 2004 dosari ilirekebishwa, lakini kampuni ya Bungie iliongeza njia maalumu ya kushusha silaha kwa kubonyeza vitufe kadhaa kwa pamoja. Ni nadra bidhaa ya biashara kubwa kubadilishwa ili kuwafaa watu walioanza kwa kujifurahisha.

Utangulizi wa sauti ulikuwa na faida ambayo kazi ya kujitolea haingeweza kuishi bila hiyo. Watu wenye ajira nyingine hawapatikani wote kwa wakati mmoja. Sauti hurekodiwa moja moja, usiku au mwisho wa juma, na hata mbali. Hullum, kwa mfano, alikuwa amehamia Los Angeles katika kazi ya picha za filamu. Rekodi husafirishwa na kuunganishwa. Miili haihitaji kukutana. Aidha, aliyetoa sauti si lazima awe ndiye aliyeshika kidhibiti. Kazi iligawanyika katika vipande vidogo vinavyolingana na muda ambao rafiki anaweza kuutoa bila kuvunja nyumba yake au kupoteza kibarua chake.

5.0 Sauti Ilivyounda Hadithi

Inafaa kupinga dhana kwamba ufundi wa katuni hii ulikuwepo licha ya ufinyu wa nyenzo zake. Ushahidi wa hadithi yenyewe unaonyesha kuwa ufinyu huo ndio uliozaa ufundi.

Askari wote wana mwili mmoja. Hutofautiana kwa rangi tu. Utambulisho wa mhusika, kwa hiyo, umo katika koo la mwigizaji. Mtazamaji humjua Sarge kwa lafudhi yake nzito ya kusini mwa Marekani kabla ya kuitazama rangi yake. Hali hii huikaribisha katuni kwenye mchezo wa redio: ukizima picha, hadithi inabaki, ukizima sauti, kinachobaki ni askari wanaotikisa vichwa.

Pia, wahusika hawawezi kufanya mengi. Halo iliwaruhusu kutembea, kuruka, kupiga risasi na kuendesha magari. Hawakuweza kukaa kitako, kula wala kushikana mikono. Ndipo ucheshi ukajengwa juu ya watu wasio na la kufanya isipokuwa kuzungumza: kubishana juu ya jina la gari jipya, kulalamikia amri, kuulizana maana ya vita. Katuni ilipoonyeshwa katika kituo cha sanaa cha Lincoln Center, New York, wapo walioilinganisha na tamthilia za Samuel Beckett. Ulinganisho huo una msingi, lakini chanzo chake si falsafa peke yake. Watu wanaongoja katika bonde tupu ndiyo hadithi inayoweza kusimuliwa na marafiki wenye maikrofoni na uwanja mmoja wa mchezo.

Mifano mitatu inathibitisha uzito wa sauti katika kuamua mwenendo wa visa. Church anauawa mapema na kifaru cha upande wake mwenyewe, kikiendeshwa na Caboose. Katika katuni ya kawaida mhusika aliyekufa huondoka. Hapa anarudi kama mzimu na kuendelea kugombana na wenzake. Sauti inadumu baada ya mwili kwisha. Lopez, mtumishi wa mashine wa upande mwekundu, huzungumza Kihispania kibovu cha programu ya kutafsiri, na wenzake hawamwelewi. Upungufu wa lugha unageuzwa kuwa mzaha wa kudumu. Tex naye anaingia akiwa na sauti iliyobadilishwa kwa mitambo ili adhaniwe mwanaume, na kufichuliwa kwa sauti yake halisi ndiko kunakobadilisha mkondo wa hadithi. Katika visa vyote vitatu, tukio kubwa ni tukio la sauti.

Wahusika pia walikua pamoja na waigizaji wao. Caboose wa sehemu za mwanzo huzungumza kwa utulivu; kadiri Heyman alivyozidi kumzoea, sauti ilipanda na akili ya mhusika ikazidi kuwa ya kitoto, na andiko likatafuta sababu za kulieleza badiliko hilo. Mwigizaji wa kujitolea hakuwa mtekelezaji wa andiko lililokamilika. Alikuwa mtunzi mwenza, ingawa jina hilo halikuandikwa popote.

6.0 Kutoka Ujima hadi Kampuni

Mafanikio yalileta gharama kabla ya kuleta faida. Mwaka 2003 hakukuwa na jukwaa kubwa la bure la kuhifadhi video. YouTube ilianzishwa 2005. Kila mtazamaji aliyepakua sehemu mpya aliongeza ankara ya kundi. Suluhisho lilikuwa mara mbili. Watazamaji waliojiandikisha kuwa wafadhili walichangia fedha na kupata picha bora na nafasi ya kutazama mapema. Kila msimu ulipokwisha, uliuzwa kwenye diski za DVD. Hivyo kundi likawa kampuni, Rooster Teeth, na waanzilishi wakaacha kazi zao za awali.

Suala la picha ya kuazima lilitatuliwa mapema. Halo ilikuwa mali ya Microsoft, ambayo ingeweza kuisimamisha katuni kwa barua moja ya mwanasheria. Badala yake, iliwaruhusu kuendelea bila kutoza ada ya leseni, na hata ikawaagiza video maalumu. Mwaka 2007 Microsoft ilichapisha kanuni za jumla kuhusu matumizi ya picha za michezo yake. Kwa namna hiyo, deni la picha liliingizwa katika maandishi.

Deni la sauti lilikuwa na asili tofauti. Lilitokana na urafiki, na urafiki hauna kawaida ya kudai hati. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maadamu wenye shamba na wenye jembe walikuwa ndio wale wale, hapakuwa na tatizo: Burns, Hullum, Ramsey, Sorola na Heyman walitoa sauti na pia walikuwa waanzilishi wa kampuni. Lakini si kila sauti ilikuwa ya mwanzilishi. Kadiri kampuni ilivyopanuka, ndivyo umbali ulivyoongezeka kati ya aliyetoa sauti na aliyemiliki mhusika.

Mzunguko wa pili wa ujima ulijitokeza katika podikasti. Mwaka 2008 kampuni ilianzisha podikasti ya mazungumzo ya wafanyakazi wake, iliyoitwa mwanzoni Drunk Tank na baadaye Rooster Teeth Podcast. Kuanzia 2011, mchoraji Jordan Cwierz alivichukua visa vilivyosimuliwa humo na kuvichorea katuni fupi zilizoitwa Rooster Teeth Animated Adventures. Mpangilio wa 2003 ulirudi: sauti ya watu wanaocheka pamoja ilitangulia, picha ikafuata. Safari hii hata andiko halikuwepo. Gumzo la ofisini liligeuzwa bidhaa, na mstari kati ya kupiga soga na kufanya kazi ukazidi kufifia.

Wakati huo huo, katuni yenyewe ilikuwa inahama. Kuanzia msimu wa nane, 2010, mhuishaji Monty Oum aliingiza mapigano yaliyohuishwa kwa kompyuta, kwa hiyo picha haikuwa tena ya kuazima peke yake. Mwaka 2012 Elijah Wood, nyota wa filamu za The Lord of the Rings, alitoa sauti ya mhusika Sigma. Sauti ya mtaalamu mashuhuri na sauti ya rafiki wa zamani zilisikika katika sehemu moja. Novemba 2014 Rooster Teeth ilinunuliwa na Fullscreen, na kupitia mfululizo wa manunuzi ya kampuni kubwa ikaishia, mwaka 2022, chini ya Warner Bros. Discovery.

Moyo wa kujitolea haukutoweka kwa kuuzwa kwa kampuni. Tamasha la mashabiki lililofanyika Austin kuanzia 2011 lilihudumiwa na mashabiki waliojitolea. Lakini ndani ya studio moyo huo huo ulikuwa na sura nyingine. Juni 2019 yalitokea hadharani malalamiko kuhusu saa za ziada zisizolipwa katika idara ya katuni, na kampuni ikalazimika kuyajibu. Kinachofaa kuzingatiwa kihistoria ni mantiki ya mgogoro huo. Mwaka 2003 rafiki alikesha bila malipo kwa sababu shamba lilikuwa la pamoja. Mwaka 2019 mfanyakazi aliyekesha alifanya hivyo katika shamba la shirika kubwa ambalo halikuwa na zamu ya kwenda kulima kwake. Desturi ilikuwa ile ile. Uhusiano ulikuwa umebadilika. Ujima ukihamishiwa ndani ya ajira bila kuhesabiwa upya hukoma kuwa ujima.

7.0 Kufungwa, Kuhifadhiwa na Kurejeshwa

Tarehe 6 Machi 2024 ilitangazwa kwamba Rooster Teeth itafungwa. Filamu ya kuhitimisha hadithi, Red vs. Blue: Restoration, ilitoka Mei mwaka huo, na tovuti ya kampuni ikazimwa mwezi huo huo. Zaidi ya miaka ishirini ya rekodi za sauti na picha ilikuwa hatarini kutoweka, kwa kuwa kazi nyingi zilipatikana hapo tu.

Waliojitokeza kuziokoa hawakuwa wamiliki. Mashabiki walijipanga, wakapakua video kwa maelfu na kuziweka katika Internet Archive. Hakuna aliyewalipa, na hawakujua ni nani atakayezitumia. Hii ni sadaka kwa maana iliyoelezwa katika sehemu ya pili ya makala. Hata hivyo, sadaka hiyo iliegemea mali ambayo kisheria haikuwa yao, tofauti na ile ya LibriVox. Msomaji wa LibriVox hutoa sauti yake mwenyewe na kuiachia umma. Shabiki wa Rooster Teeth aliokoa sauti za wengine bila mamlaka ya kuziachia. Ulinganisho huu unaonyesha thamani ya makubaliano yaliyowekwa wazi tangu mwanzo. Rekodi za LibriVox zinaweza kunakiliwa na kuhifadhiwa na mtu yeyote duniani, hata kama mradi wenyewe ungefungwa kesho. Rekodi za Red vs. Blue zilitegemea uamuzi wa shirika lililozirithi bila kuzizaa.

Februari 2025 ilitangazwa kuwa Burnie Burns, kupitia kampuni yake mpya, amelinunua tena jina la Rooster Teeth pamoja na baadhi ya kazi zake, ikiwemo Red vs. Blue. Kampuni hiyo mpya inaitwa Box Canyon Productions, jina linalolirejelea bonde lililozungukwa na majabali ambamo hadithi ilianzia. Urejeshaji huo unaweza kutafsiriwa kama ushindi wa mbunifu dhidi ya shirika. Lakini kwa mtazamo wa makala hii, pia ni kipimo cha gharama ya kutoandika daftari: sauti ya Church, iliyotolewa bure nyumbani kwa mwenyewe, ilibidi inunuliwe na mwenyewe.

8.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba katika Red vs. Blue sauti ya kujitolea ilikuwa nguzo ya kazi na si pambo lake. Iliwezesha uzalishaji kwa sababu iligawanyika kulingana na muda wa watu wenye kazi nyingine. Iliunda umbo la kisanaa kwa sababu wahusika wenye mwili mmoja walitofautishwa na koo za marafiki waliowatamka. Na ilikuwa mtaji, ingawa haikuhesabiwa kama mtaji, kwa sababu kampuni iliyouzwa 2014 ilisimama juu ya wahusika waliojengwa na sauti hizo.

Matokeo hayo yana maana kwa utafiti wa sanaa za kidijitali kwa jumla. Mtafiti anayechunguza katuni, podikasti au mchezo wa sauti uliotengenezwa na watu wa kujitolea anapaswa kutofautisha sadaka, ujima na ajira, kwa kuwa kila aina huzaa haki na madai tofauti. Kutumia neno moja la kujitolea kwa zote tatu ni kufunika mahali ambapo mgogoro huanzia. Vilevile, orodha ya waigizaji wa sauti ichukuliwe kuwa chanzo cha kihistoria chenye uzito sawa na andiko na picha, na masharti ya utoaji wa sauti hizo yaulizwe pale yanapoweza kupatikana, wakati washiriki wangali hai.

Kwa watengenezaji, historia hii haisemi kwamba marafiki waache kusaidiana. Bila usaidizi huo Red vs. Blue isingekuwepo. Inasema kwamba makubaliano mafupi, yaliyoandikwa siku ya kwanza ya kurekodi, yakieleza sauti ni ya nani, itatumika wapi, na itakuwaje iwapo kazi itauzwa, hayapunguzi urafiki. Huuhifadhi, pamoja na kazi iliyozaliwa nao.